Kudhibiti mtetemo unaoingia kwenye kifaa, na kukipima kishikilio kabla ya kukiamini

Tarehe 21 Machi 2000, katika JPL, maabara ya NASA huko Pasadena, California, setilaiti ya kuchunguza jua iliyoitwa HESSI ilikuwa imefungwa juu ya meza ya mtetemo. Ilitakiwa ipigwe mtikisiko mfupi wa sine (wimbi laini la masafa mamoja) wa karibu 2 g, yaani mara mbili ya mvutano wa dunia. Ikapigwa karibu 20 g. Muundo wake ukaharibika, paneli za jua zikavunjika, na ikabidi ijengwe upya kwa sehemu kubwa. Iliruka tarehe 5 Februari 2002.

Chanzo hakikuwa setilaiti. Meza ya kuteleza, yaani bamba linalosukumwa na mashine huku na huku, ilikuwa inakwama. Kabla ya kupiga kipimo kamili, kidhibiti, yaani kompyuta inayoendesha mashine, hutuma mtetemo mdogo wa kujipima ili kijue volti kiasi gani zinaleta mwendo kiasi gani. Kwa kuwa meza ilikuwa imekwama, mwendo uliorudi ulikuwa mdogo, na kidhibiti kikahesabu kwamba panahitajika volti nyingi zaidi. Mkwamo ulipoachia, nguvu zote zikaingia kwenye setilaiti.

Naanza na kisa hiki kwa sababu ndani yake mna jambo zima la mwongozo huu. Kidhibiti hakikioni kifaa chako. Kinaona akselerometa (vihisi vya mtikisiko) moja au nne ulizozibandika, basi. Mstari ulionyooka kwenye skrini maana yake ni kwamba pale ulipobandika kihisi mambo ni sawa. Kama kifaa chenyewe kimepata mtetemo uleule, hilo linategemea kishikilio (kile kinachokifunga kifaa kwenye meza), bolti, na akili yako.

Hatua ya 1: Soma waraka wa jaribio, kisha piga hesabu kwa mkono

Chukua mfano unaojulikana: jaribio la uimara wa chini kabisa katika MIL-STD-810, kiwango cha majaribio cha jeshi la Marekani. Ni mtetemo wa nasibu, yaani wa masafa mengi kwa pamoja bila mpangilio, wa 0.04 g²/Hz (ukali wake katika kila Hz) kuanzia 20 Hz hadi 1000 Hz, kisha unashuka kwa 6 dB, yaani hadi robo, kila masafa yanapojizidisha mara mbili, hadi 2000 Hz. Eneo chini ya mstari ulionyooka ni 0.04 × 980, yaani 39.2. Sehemu inayoshuka inaongeza 20. Jumla 59.2, na kipeuo chake cha pili ni 7.7. Kwa hiyo jaribio lina 7.7 gRMS; RMS ni aina ya wastani wa mtikisiko wote. Programu ikikuonyesha namba nyingine, kuna nukta uliyoingiza vibaya. Hesabu hii ya dakika mbili imeokoa vifaa vingi.

Sasa nguvu. Tuseme armecha ya mashine, sehemu yake inayotembea, ina kilo 10, kishikilio kilo 14, kifaa kilo 6. Jumla kilo 30. Zidisha: 30 × 7.7 × 9.81, unapata karibu 2270 N RMS. Linganisha na uwezo wa mashine kwa mtetemo wa nasibu, ambao mara nyingi si sawa na uwezo wake kwa sine, na ubakize kama asilimia 30 ya ziada. Vilele vya mtetemo wa nasibu hufika mara tatu ya RMS, kwa hiyo tegemea 23 g mara kwa mara.

Kwa sine, angalia pia mwendo. 1 g kwa 10 Hz ni milimita 2.5 kila upande, jumla 5. Kwa 5 Hz ni karibu milimita 20 jumla, na mashine yenye mwendo wa milimita 25 hapo imekaribia ukingoni. Upande wa juu mambo yanageuka: 1 g kwa 2000 Hz ni mwendo wa mikromita 0.06 tu, kama sehemu ya elfu moja ya unene wa unywele. Iweke namba hiyo kichwani, tutairudia kwenye bolti.

Jambo la mwisho kwenye waraka, na ndilo watu hulipita mbio: mtetemo umeagizwa *wapi*? Karibu kila mara ni pale kifaa kinapofungwa, kwenye miguu yake. Si kwenye uso wa meza. Kati ya meza na miguu ya kifaa kuna kishikilio, na hapo ndipo kazi ilipo.

Hatua ya 2: Chagua kishikilio, na usidanganywe na chuma

Kishikilio, ambacho karakana nyingi hukiita jigi, kina kazi moja: kupeleka mwendo wa meza kwenye miguu ya kifaa bila kuongeza wala kupunguza. Adui yake ni rezonansi, yaani masafa ambapo kitu kikisukumwa kidogo kinatikisika sana, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake.

Fundi mgeni husema: "Tutengeneze kwa chuma, chuma kigumu." Ni kweli chuma ni kigumu, lakini ni kizito kwa kiwango hichohicho. Ukigawa ugumu kwa uzito, chuma, alumini na magnesiamu vinatoka karibu sawa. Sauti husafiri ndani ya vyote vitatu kwa kasi ya karibu mita 5000 kwa sekunde. Bamba la chuma na bamba la alumini lenye vipimo vilevile yatakuwa na rezonansi karibu masafa yaleyale.

Tofauti inakuja ukishika uzito. Kwa uzito wa bamba la chuma la milimita 10, unapata bamba la alumini la milimita 29 lenye upana na urefu uleule. Rezonansi ya bamba la kupinda hupanda pamoja na unene, kwa hiyo umeipandisha karibu mara tatu bila kuongeza hata gramu kwenye mashine. Magnesiamu, kwa uzito huo, ingefika milimita 45. Ndiyo maana maabara hupenda alumini nene, na zenye fedha hupenda magnesiamu, ambayo pia hufifisha mtetemo vizuri zaidi.

Kuhusu umbo, mimi nasema wazi: bamba lenye umbo la L silitaki. Linavutia kwa sababu ni rahisi, lakini ule ukuta unaosimama ni sawa na ubao uliochomekwa upande mmoja. Ukilazimika, uchomelee mbavu za pembetatu nyuma, nene na zinazofika juu kabisa. Bora zaidi ni mche uliojaa au sanduku lililofungwa pande zote. Kuchomelea kwa mshono mfululizo kunashinda kufunga vipande kwa bolti, kwa sababu kila kiungo cha bolti ni mahali pa kuteleza.

Kitovu cha uzito nacho kikae juu ya mstari wa katikati wa meza. Mzigo wa kilo 20 uliohama milimita 30 pembeni, ukitikiswa 10 g, unaipindua armecha kwa karibu 59 N·m. Mashine itakwambia kwa kutikisika upande ambao hukuuomba.

Kwa vijana wa vyuo vyetu wanaojenga kyubusati (setilaiti ndogo za umbo la mchemraba), kama Nairobi walivyojenga 1KUNS-PF iliyoachiliwa kutoka moduli ya Kibo ya Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018: lile sanduku la majaribio mnaloingiza kisetilaiti ndani ni kishikilio pia, na ni kigumu kulihukumu kuliko bamba. Kisetilaiti hukaa kwenye reli kwa uwazi mdogo na hugongagonga. Matokeo kwa mtetemo mdogo hayatafanana na kwa mtetemo mkubwa. Msiyatazame kama ya mzigo uliofungwa kwa bolti.

Hatua ya 3: Funga kama unavyomaanisha

Rudi kwenye ile mikromita 0.06. Ikiwa meza yote inatembea kiasi hicho tu kwa 2000 Hz, basi bolti moja inayoteleza kidogo sana, uchafu wa unene wa karatasi, au bamba lililopinda kidogo, vinatosha kuharibu kila kitu juu ya 1000 Hz.

Futa uso wa meza na tako la kishikilio kwa kitambaa chenye spiriti. Pitisha kidole, kidole kinahisi mikwaruzo ambayo jicho halioni. Weka kishikilio bila bolti, jaribu kuingiza fila geji (kibamba cha kupimia uwazi) nyembamba pembeni. Ikiingia, bamba halijakaa. Usitegemee bolti kulivuta likae: ukilinyoosha kwa bolti, umelifunga likiwa na mvutano na litalia.

Tumia kila tundu la hesi linalopatikana, si manne ya pembeni. Kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa mtindo wa msalaba, kwa raundi tatu. Kisha chora mstari wa rangi unaovuka kichwa cha bolti hadi kwenye bamba. Baada ya jaribio, mstari uliokatika ni bolti iliyogeuka.

Hatua ya 4: Endesha meza tupu, kisha kishikilio kitupu

Hapa ndipo HESSI ingeokolewa. Kabla kifaa hakijakaribia mashine, endesha kipimo kamili, kwa kiwango kamili, bila kifaa. Kwanza meza peke yake. Kama meza ya kuteleza inakwama, kama amplifaya ina mlio, kama kebo ina waya uliolegea, yote yajitokeze wakati hakuna cha thamani juu.

Kisha funga kishikilio kitupu na upitishe sine ya 0.5 g kutoka 20 Hz hadi 2000 Hz, polepole. Akselerometa ya kudhibiti iwe karibu na tundu mojawapo litakalofunga kifaa. Nyingine, ikiwezekana zinazopima pande tatu, zikae karibu na kila tundu lingine. Zibandike kwa gundi ya supa glu au kwa skrubu. Nta ya nyuki inafaa kwa viwango vidogo na pakiwa baridi. Kebo ifungwe kwa tepu karibu kabisa na kihisi. Kebo inayopigapiga hutoa umeme wake yenyewe, na utakesha ukitafuta rezonansi isiyokuwepo.

Sasa soma grafu. Hivi ndivyo mimi ninavyokihukumu kishikilio:

Rezonansi ya kwanza iko wapi? Kwa kifaa kidogo, naitaka juu ya 2000 Hz, nje ya jaribio kabisa. Kwa kishikilio kikubwa hilo haliwezekani, na asikulaumu mtu. Hapo natazama iko mbali kiasi gani na rezonansi kuu za kifaa chenyewe. Zikikutana, zinazidishana.

Pembe zote zinakubaliana? Gawa mtetemo wa kila pembe kwa ule wa pembe ya kudhibiti. Ikibaki ndani ya ±3 dB sehemu kubwa ya masafa, kishikilio ni kizuri. Kumbuka ±3 dB kwenye g²/Hz ni nusu hadi mara mbili. Si kitu kidogo.

Kinakwenda upande? Kiwango cha kimataifa cha IEC 60068-2-6 kinaruhusu mwendo wa upande usiozidi asilimia 50 ya kipimo hadi 500 Hz, na asilimia 100 juu ya hapo. Ndiyo, juu ya 500 Hz wanaruhusu upande uwe sawa na mbele. Waliokiandika kiwango hicho walijua vishikilio vilivyo.

Kikishindwa, rudi karakana kwanza: punguza urefu, ongeza mbavu, ongeza bolti, hamisha mzigo katikati. Kucheza na kidhibiti kuwe baada ya hapo.

Halafu kuna hatua inayorukwa sana: weka kitu kizito badala ya kifaa, kipande cha chuma chenye uzito na kitovu kinachofanana na cha kifaa, kifungwe kwa matundu yaleyale. Kishikilio kilichokuwa safi kikiwa kitupu kwa 1800 Hz kinaweza kushuka hadi 900 Hz kikibeba mzigo. Ni bora ukijua kwa kipande cha chuma kuliko kwa kifaa cha mteja.

Hatua ya 5: Amua kudhibiti vipi

Una akselerometa nne kwenye pembe nne. Kidhibiti kinakuuliza: wastani au kilele? Watu wengi hubonyeza wastani kwa mazoea. Tazama kinachotokea.

Tuseme kwenye masafa fulani pembe tatu zinapata 0.02 g²/Hz na ya nne inapata 0.10. Jumlisha: 0.16. Gawa kwa nne: 0.04. Skrini inaonyesha mstari mzuri kabisa, katikati ya mipaka, rangi ya kijani. Ukweli ni kwamba pembe moja imepata 4 dB zaidi ya ilivyoagizwa na tatu zimepata 3 dB pungufu. Hakuna hata pembe moja iliyopata 0.04.

Ukichagua kilele, kidhibiti kitashusha ile pembe kali hadi 0.04, na zote zitashuka pamoja nayo. Zile tatu zinabaki na 0.008, yaani 7 dB chini. Kifaa kiko salama, lakini hakijajaribiwa.

Basi hakuna chaguo linaloponya kishikilio kibovu. Kwa kawaida natumia wastani pale pembe zinapokubaliana ndani ya 3 dB, kwa sababu unapunguza uzito wa kihisi kimoja kilichokaa vibaya. Natumia kilele kwa kifaa cha kuruka chenyewe, kisichoruhusiwa kuumizwa. Lolote utakaloamua, rekodi kila pembe peke yake, usitunze wastani tu. Mteja akiuliza miezi sita baadaye kwa nini bodi ya upande wa kushoto ilipasuka, jibu liko kwenye pembe ya kushoto.

Kihisi kimoja tu cha kudhibiti kina hatari yake: kikikaa mahali ambapo kishikilio hakitembei kwa masafa fulani, kidhibiti kitadhani mtetemo umepungua na kitaongeza nguvu, kitaongeza tena, huku kifaa kinapigwa kwingine. Kwenye grafu ya volti za kuendesha utaona mlima mkali mahali ambapo grafu ya kudhibiti imenyooka. Kwa hiyo weka grafu ya volti wazi kwenye skrini muda wote. Ni mojawapo ya grafu za thamani zaidi, na aghalabu hukaa imefungwa.

Hatua ya 6: Usikiadhibu kifaa kwa kosa la meza

Kuna hali ya mtetemo kuwa sahihi kwenye miguu na bado kifaa kuonewa. Kifaa kizito kikifika kwenye rezonansi yake, katika maisha halisi kinaisukuma sakafu iliyokibeba, na sakafu inalegea. Mtetemo wa miguuni unapungua wenyewe. Meza ya majaribio hailegei. Kidhibiti kinalazimisha 0.04 palepale, na nguvu kwenye bolti zinapanda kupita chochote ambacho roketi au lori lingeleta.

Dawa ni kuchimba bonde kwenye kipimo pale tu penye rezonansi. Njia safi ni kupima nguvu kwa vihisi vya nguvu chini ya kifaa na kuwekea mpaka. Terry Scharton wa JPL aliieneza miaka ya 1990, na NASA ikaiandikia kitabu cha mwongozo, NASA-HDBK-7004. Kama huna vihisi hivyo, weka akselerometa juu ya kifaa na mkubaliane na mteja mpaka wa g kwa maandishi. Bonde lisichimbwe na fundi peke yake saa mbili usiku kwa sababu kifaa kinalia. Mwenye kifaa asaini, kwa upana na kina.

Hatua ya 7: Panda ngazi, usiruke

Anza kwa −12 dB. Hapo g ni robo ya kiwango kamili, na g²/Hz ni sehemu moja ya kumi na sita. Subiri hadi kidhibiti kitulie, tazama kila pembe, kisha −9, −6, −3, halafu 0. Mipaka ya onyo iwe ±3 dB na ya kuzima ±6 dB, na usiipanue ili jaribio lipite. Kwenye kila ngazi jiulize: umbo la grafu limebaki lilelile? Rezonansi ikihama unapopanda, kitu kinalegea au kinagonga. Na volti zimepanda kwa uwiano uleule? Kama umepanda 3 dB na volti hazikupanda inavyotakiwa, simama. Kwa HESSI, uhusiano wa volti na mwendo ulibadilika kati ya kipimo kidogo na kikubwa.

Masikio nayo yafanye kazi, ndani ya kinga zake. Mtetemo wa nasibu ulio safi unasikika kama mvua kubwa juu ya bati. Ukisikia ndani yake mlio wa kukereketa, kama kijiko kwenye kikombe, kuna kitu kimelegea, hata kama skrini iko kijani.

Hatua ya 8: Baada ya kuzima

Rudia ile sine ya 0.5 g, vihisi vikiwa palepale, na uiweke juu ya grafu ya kabla. Rezonansi iliyoshuka zaidi ya asilimia 5 inastahili kuchunguzwa: skrubu iliyolegea, ufa, gundi iliyoachia. Iliyobaki palepale lakini kilele chake kimeshuka sana huwa ni msuguano mpya mahali fulani.

Kisha legeza bolti moja moja, ukipima toki ya kufungua na kuiandika. Nyanyua kifaa, geuza kishikilio, tazama tako lake kwa tochi. Unga mweusi kuzunguka tundu la bolti ni alumini iliyosuguana na alumini: bamba lilikuwa linateleza hapo, kwenye tundu hilo, wakati skrini inasema 0.04. Piga picha, andika namba ya tundu, na kabla ya mhimili wa pili (upande mwingine wa kutikisa) usafishe uso, ukaze upya, uanze tena na kishikilio kitupu.